Lazeri ya macho: je, kazi ya kupima macho itaisha?

Video zinazunguka kwenye simu huku mashariki mwa Congo: mtu analala chini ya mashine, dakika chache zinapita, anasimama, anasoma saa ya ukutani bila miwani. Vijana wanaangalia, wanatumiana, na kiisha maswali mawili yanarudi. La kwanza: hii lazeri ni ya kweli ao ni maneno ya biashara? La pili linatoka kwa wale wanaomaliza sekondari na wanatafuta kazi ya afya: kama mashine inaondoa miwani, kuna faida gani ya kusoma kazi ya kupima macho?

Lazeri ni ya kweli, na imesaidia mamilioni ya watu duniani. Lakini inatengeneza shida moja kati ya shida nyingi za macho, haifai kwa kila mtu, na mtu aliyefanyiwa anaendelea kuhitaji kupimwa macho maisha yake yote. Ndiyo maana nchi ambako lazeri ilianza hazikufunga shule za wapima macho. Zilifungua zingine.

Nani ni nani katika kazi ya macho

Watu wengi wanaita kila mtu anayeshika macho "muganga wa macho". Lakini ni kazi tofauti.

Oftalmologu ni daktari. Anasoma udaktari wote kwanza, kiisha anaongeza miaka ya kujifunza macho peke yake. Yeye ndiye anapasua jicho, kwa kisu ao kwa lazeri.

Optometristi si daktari wa kupasua. Kazi yake ni kupima namna jicho linavyoona, kuandika namba ya miwani, kuchunguza jicho mbele na nyuma, na kutambua ugonjwa mapema ili amtume mgonjwa kwa oftalmologu. Nchini Marekani anasoma miaka 4 ya optometri baada ya chuo kikuu cha kwanza.

Optisie ni fundi wa miwani. Anapokea namba iliyoandikwa, anakata vioo, anaviweka kwenye fremu na kuhakikisha miwani imekaa sawa usoni.

Halafu kuna muuguzi aliyefundishwa macho. Katika vituo vingi vya Congo, yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye mgonjwa anakutana naye, na mara nyingi ni wa mwisho.

Neno optometristi halisikiki sana Congo, na kuna sababu. Nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa zilifuata mpangilio wa Ulaya ya Kifaransa, ambako kazi hii iligawanywa kati ya daktari wa macho na fundi wa miwani. Ufaransa yenyewe haijaiweka optometri kama kazi ya afya yenye sheria yake. Nchi zinazotumia Kiingereza, kama Kenya, Uganda, Ghana na Nigeria, zilifuata njia ingine na zinaifundisha kwenye vyuo. Basi kijana wa Bukavu anayeuliza juu ya kazi hii anauliza juu ya kitu ambacho jirani zake wanacho tayari.

Lazeri inafanya nini ndani ya jicho

Mbele ya jicho kuna kioo cha asili kinachoitwa konea. Ni ile sehemu inayong'aa, isiyo na rangi, inayofunika mboni. Unene wake katikati ni karibu nusu milimita. Konea ndiyo inafanya karibu theluthi mbili za kazi ya kukunja mwangaza ili picha ianguke nyuma ya jicho, kwenye retina. Sehemu inayobaki inafanywa na lensi iliyo ndani.

Kama jicho ni refu kupita kiasi, ao konea imejipinda sana, picha inaanguka mbele ya retina. Mtu anaona karibu vizuri lakini mbali ni ukungu. Hiyo inaitwa miopi. Mwanafunzi mwenye miopi anaonekana mvivu darasani, kumbe haoni ubao. Kama jicho ni fupi, picha inaanguka nyuma ya retina na shida inakuwa ya karibu. Kama konea haikujipinda sawasawa pande zote, mistari inaonekana kama imevutwa. Hiyo inaitwa astigmati.

Miwani inasahihisha kwa kuweka kioo kingine mbele ya jicho. Lazeri inasahihisha kwa kuchonga konea yenyewe. Kwa mtu wa miopi, inapunguza konea katikati ili isijipinde sana.

Kinachochongwa ni kidogo sana. Kwa kila namba moja ya miwani, yaani diopitri moja, mashine inaondoa karibu mikroni 12 kama eneo linalochongwa lina upana wa milimita 6. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtu mwenye namba 4 anaondolewa mikroni 48 hivi, chini ya unene wa unywele mmoja.

Kuna njia tatu ambazo zinatumika zaidi. Katika PRK, daktari anaondoa ngozi nyembamba ya juu ya konea, anachonga kwa lazeri, na ngozi inaota upya yenyewe. Siku chache za kwanza zinauma, na kuona kunarudi polepole. Katika LASIK, daktari anakata kifuniko chembamba cha konea, anakifunua kama ukurasa wa kitabu, anachonga chini yake, kiisha anakirudisha. Maumivu ni kidogo, na watu wengi wanaona vizuri kesho yake. Njia ya tatu inaitwa SMILE: lazeri inakata kipande kidogo ndani ya konea bila kufungua kifuniko, na daktari anakitoa kupitia kitundu cha milimita chache. Marekani iliiruhusu mwaka wa 2016.

Katika njia zote tatu mgonjwa haoti usingizi. Anawekewa matone ya kuzuia maumivu, kope zinashikwa zisifungike, anaambiwa aangalie taa moja. Lazeri yenyewe inafanya kazi chini ya dakika moja ao zaidi kidogo kwa kila jicho.

Ilianza na mabaki ya karamu

Wazo la kuchonga konea ni la zamani kuliko lazeri. Mjini Bogotá, Colombia, daktari José Ignacio Barraquer alianza kazi hii katika miaka ya 1950 na 1960. Alikuwa anatoa kipande cha konea, anakigandisha kwa baridi, anakichonga kwenye mashine ya mafundi, kiisha anakirudisha jichoni. Katika miaka ya 1970, mjini Moscow, Svyatoslav Fyodorov alijulikana kwa kukata mikato midogo ya kisu kwenye konea, kama miali ya jua. Wengi walipata kuona bila miwani, lakini konea nyingi zilibaki dhaifu na namba iliendelea kubadilika miaka iliyofuata.

Lazeri ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatafuta dawa ya macho. Wanasayansi watatu wa kampuni ya kompyuta ya IBM, karibu na New York, walikuwa wanatumia lazeri ya mwangaza usioonekana ili kuchora kwenye plastiki. Ni Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum. Tarehe 27 Novemba 1981, siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, Srinivasan alileta kazini mabaki ya bata mzinga waliyekula nyumbani. Walipiga lazeri kwenye mabaki hayo. Ilikata safi, bila kuunguza pembeni.

Sababu ni kwamba lazeri hiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, inavunja viungo vya chembe bila kuzipasha moto. Mwaka wa 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa New York alishirikiana na Srinivasan kuonyesha kwamba inaweza kuchonga konea. Mwaka wa 1988 daktari Marguerite McDonald, mjini New Orleans, alimfanyia mtu ambaye jicho lake lilikuwa linaona. Karibu mwaka wa 1990, kwenye kisiwa cha Krete nchini Ugiriki, Ioannis Pallikaris aliunganisha kifuniko cha konea na lazeri, LASIK ikazaliwa. Marekani iliruhusu PRK mwaka wa 1995, na LASIK ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1990. Wale watatu wa IBM walipewa medali na rais Barack Obama mwaka wa 2013.

Nani anaweza, nani hapana

Hapa ndipo video za simu zinanyamaza. Kabla ya lazeri kuna kupimwa kwa muda mrefu, na watu wengi wanarudishwa nyumbani.

Anayetaka lazeri anapaswa kuwa na miaka 18 ao zaidi, na namba ya miwani yake iwe imetulia kwa mwaka mmoja hivi. Kijana ambaye namba inapanda kila mwaka akifanyiwa leo, kesho atahitaji miwani tena. Mama mjamzito ao anayenyonyesha anaombwa asubiri, kwa sababu homoni zinabadilisha konea.

Unene wa konea unahesabiwa kama fedha za nyumbani. Konea ya kawaida ni karibu mikroni 540. Kifuniko cha LASIK kinachukua kama 110. Kama mtu yuko na namba 10, kuchonga kunachukua 120. Inabaki 310. Madaktari hawapendi kushuka chini ya 250, sababu konea nyembamba sana inaweza kuanza kuvimba mbele polepole na kuharibu kuona. Mwenye konea nyembamba tangu kuzaliwa, ao mwenye ugonjwa wa keratokoni unaofanya konea kuchongoka, haruhusiwi LASIK.

Kuna pia madhara ambayo mtu anapaswa kuyajua mbele. Lililo la kawaida zaidi ni macho kukauka, hasa miezi ya kwanza, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya konea imekatwa. Lingine ni kuona duara za mwangaza kuzunguka taa usiku. Kwa mtu wa ofisi ni usumbufu kidogo. Kwa mwendesha moto ambaye anakutana na taa za malori usiku, kwenye barabara yenye vumbi, ni jambo la kufikiria mara mbili.

Na lazeri haizuii macho ya uzee. Kuanzia miaka 40 ao 45, lensi ya ndani inakuwa ngumu na mtu anaanza kusogeza kitabu mbali. Konea iliyochongwa haibadilishi hilo. Aliyefanyiwa lazeri akiwa na miaka 25 atatafuta miwani ya kusomea kama mwenzake.

Jicho linabaki lile lile

Watu wanasemaka: "Nilifanya lazeri, macho yangu yamepona." Hapo ndipo hatari iko.

Lazeri inabadilisha kioo cha mbele tu. Haifupishi jicho. Mtu mwenye miopi kali anabaki na jicho refu, na retina yake imevutwa nyuma kama turubai iliyokazwa. Bado yuko katika hatari ya retina kupasuka ao kubanduka, hata kama anaona ubao wote bila miwani. Akianza kuona cheche za mwangaza, ao nukta nyeusi nyingi ghafla, ao kivuli kama pazia upande mmoja, anapaswa kupimwa siku ile ile.

Jambo la pili ni glokoma, ambayo wengi wanaiita tansio ya macho. Glokoma inaua mshipa wa jicho polepole, bila maumivu, ikianzia pembeni. Mtu anagundua wakati sehemu kubwa imekwisha, na kilichopotea hakirudi. Watu wenye asili ya Afrika wanaipata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine. Sasa, njia moja ya kuitafuta ni kupima shinikizo ndani ya jicho, na mashine inapima kwa kusukuma konea. Konea iliyopunguzwa na lazeri inasukumika kwa urahisi, basi mashine inaonyesha namba ndogo kuliko ukweli. Mpimaji asiyejua kwamba mtu alifanyiwa lazeri anaweza kumwambia "uko sawa" wakati haiko sawa.

Jambo la tatu ni mtoto wa jicho. Akifika uzeeni, mtu atapasuliwa na kuwekewa lensi mpya. Nguvu ya lensi hiyo inahesabiwa kufuatana na umbo la konea. Kama konea ilichongwa miaka 30 iliyopita na hakuna karatasi inayoonyesha ilikuwaje, hesabu inaweza kukosea.

Kwa hiyo mtu wa lazeri anapaswa kuchunga karatasi za vipimo vyake kama anavyochunga hati ya kiwanja, na kumwambia kila muganga wa macho: nilifanyiwa.

Kwa nini kazi haikufa

LASIK ilipoenea Marekani, optometristi wengi waliogopa kukosa wateja. Ilikwenda namna ingine. Madaktari wa lazeri walihitaji mtu wa kupima wagonjwa kabla, kuwachuja wasiofaa, na kuwafuata baada ya kupasuliwa: kesho yake, wiki ijayo, miezi inayofuata. Kazi hiyo ilichukuliwa na optometristi. Mwaka wa 2008 uchumi ulipoanguka, wengi waliahirisha lazeri, sababu bei ya kawaida huko ni karibu dola 2000 ao zaidi kwa jicho moja na bima nyingi hazilipi. Lakini mwaka uliofuata, 2009, vyuo vitatu vya Marekani, katika majimbo ya California, Arizona na Texas, vilifungua shule mpya za optometri.

Kazi yenyewe ilipanuka. Jimbo la Oklahoma, mwaka wa 1998, liliruhusu kwa sheria optometristi kufanya aina fulani za lazeri. Kentucky ilifuata mwaka wa 2011 na Louisiana mwaka wa 2014. Madaktari wa macho walipinga, wakisema kupasua ni kwa aliyesoma kupasua, na ubishi huo unaendelea jimbo kwa jimbo.

Halafu kuna idadi ya watu. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliandika mwaka wa 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2,2 duniani wako na shida ya kuona, na kwa bilioni 1 kati yao shida hiyo ingeweza kuzuiwa ao haijatunzwa. Kwa wale ambao hawaoni mbali kwa kukosa miwani, 36 tu kwa 100 ndio wanapata miwani inayowafaa. Mwezi wa tano 2021 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza namba hiyo kwa pointi 40 mpaka mwaka wa 2030. Na miopi inaongezeka: utafiti mmoja wa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba nusu ya watu duniani watakuwa nayo mwaka wa 2050.

Lazeri haitawafikia hao. Inahitaji mashine ya bei kali, umeme usiokatika, fundi wa kuitengeneza na chumba chenye hewa iliyochujwa. Miwani ya kusomea inahitaji mtu mmoja anayejua kupima. Kule Assam, India, utafiti uliotangazwa mwaka wa 2018 ulifuata wachumaji wa majani ya chai wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao karibu 22 kwa 100 kuliko wale ambao hawakupewa. Mama anayechagua kahawa ao maharagwe, fundi cherehani, mwalimu anayesahihisha daftari usiku: wote wako katika hesabu hiyo.

Lazeri ambayo Afrika inahitaji zaidi

Kuna lazeri zingine za macho, na hazionekani sana kwenye video. Moja inatumika kwa glokoma: inapigwa kwenye njia ambayo maji ya jicho yanatokea, ili yatoke vizuri na shinikizo lishuke. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, ilishiriki katika utafiti uliolinganisha lazeri hiyo na matone ya timololi. Matokeo yalitoka mwaka wa 2021. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifaulu kwa macho 61 kati ya 100 waliopata lazeri, na 31 kati ya 100 kwa waliopata matone.

Kwa mgonjwa anayeishi siku mbili za safari kutoka dukani la dawa, tofauti ni kubwa. Matone yanapaswa kununuliwa kila mwezi mpaka kifo. Kama barabara imefungwa ao fedha imekosa, shinikizo linapanda. Lazeri inaweza kurudiwa baada ya muda, lakini haidai chupa kila mwezi.

Lakini hata lazeri hiyo haina maana kama hakuna mtu wa kumkuta mgonjwa mapema. Glokoma haiumi. Mgonjwa haji mwenyewe. Anagunduliwa siku alipokuja kutafuta miwani tu, na mpimaji akaangalia mpaka nyuma ya jicho.

Je, simu na mashine zitachukua nafasi?

Sehemu moja ya kazi, ndiyo. Kuna mashine inayotoa namba ya miwani kwa sekunde chache. Mwaka wa 2018 Marekani iliruhusu programu ya akili bandia inayosoma picha ya retina ya mgonjwa wa kisukari na kutoa jibu bila daktari kuwepo. Mtu ambaye kazi yake yote ni kusoma namba ya mashine na kuuza fremu ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Lakini mfano wa Kenya unaonyesha upande mwingine. Katika eneo la Trans Nzoia, walimu wa shule 50 walipima macho ya watoto zaidi ya 20 000. Wengine walitumia programu ya simu inayoitwa Peek, ambayo pia inatuma ujumbe kwa wazazi. Wengine walitumia karatasi ya kawaida. Kati ya watoto waliotumwa hospitali, 54 kwa 100 walifika kwa njia ya Peek, na 22 kwa 100 kwa njia ya karatasi. Simu ilileta watoto wengi zaidi mlangoni. Ndani ya mlango alipaswa kuwepo mtu wa kuwapima vizuri.

Rwanda ilichukua njia yake. Kati ya mwaka wa 2012 na 2017 ilifundisha wauguzi zaidi ya 2000 katika vituo vya afya vya nchi nzima kupima macho, kutoa miwani ya kusomea na kutuma wagonjwa wenye shida kubwa mbele. Wauguzi hao walikuwa tayari kazini. Waliongezewa ujuzi mmoja.

Kijana anayetaka kazi hii

Kwa kijana wa Kivu, Ituri, Tanganyika ao Maniema kuna milango kadhaa, na kila mmoja una bei yake.

Mlango wa kwanza ni udaktari, kiisha oftalmologia. Ni njia ndefu kuliko zote, na ndiyo inayofaa mtu anayetaka kupasua macho.

Wa pili ni uuguzi, kiisha mafunzo ya macho. Muuguzi A1 aliye kazini tayari anaweza kuingia huku bila kuanza upya. Hospitali Saint-Joseph ya Kinshasa inajulikana kwa huduma na mafunzo ya macho, na huku mashariki HEAL Africa ya Goma na Hospitali ya Jimbo ya Bukavu ziko na huduma ya macho ambako mtu anaweza kwenda kuuliza njia.

Wa tatu ni optometri yenyewe, katika nchi jirani. Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala kilianza digrii ya optometri mwaka wa 2014. Kenya inafundisha katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Tanzania inafundisha Moshi, kwenye KCMC. Masomo ni ya Kiingereza, basi mtu aliyesoma kwa Kifaransa anapaswa kuhesabu pia muda wa kujifunza lugha. Sekondari ya biochimi inasaidia, sababu fizikia ya mwangaza na biolojia ndizo msingi.

Kabla ya kulipa hata franka moja, kuna swali la kuuliza wizara na mamlaka ya afya ya jimbo: diploma hii itatambuliwa vipi Congo, na mwenye nayo ataruhusiwa kufanya nini? Familia nyingi zimeuza shamba kwa ajili ya diploma, halafu mtoto akarudi na karatasi ambayo ofisi haikujua iweke wapi.

Kabla ya kuchanga fedha za lazeri

Kwa mgonjwa, hatua ya kwanza si tiketi ya kwenda Nairobi ao India. Ni kupimwa macho kamili, karibu na nyumbani kama inawezekana: kuona mbali na karibu, shinikizo, konea, na nyuma ya jicho kwa mboni iliyofunguliwa na matone. Mara mingi mtu anayesema "nataka lazeri" anakutwa na mtoto wa jicho, ambao unapasuliwa kwa njia ingine na bei ingine, ao glokoma, ambayo haipaswi kungoja.

Mtoto anayekaza macho kuangalia ubao, anayekaa karibu sana na televisheni, ao ambaye alama zimeshuka ghafla, apimwe kabla ya kuchapwa. Utafiti wa Guangzhou, China, uliotoka mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba dakika 40 zaidi za kukaa nje kila siku ya shule zilipunguza idadi ya watoto wanaoanza miopi. Hiyo dawa haina bei.

Miwani ya sokoni ya kusomea inaweza kumsaidia mzee kuona herufi za Biblia ao bei kwenye karatasi. Lakini anayeuza mezani haangalii nyuma ya jicho. Kila mtu aliyepita miaka 40, hata yule anayeona vizuri, hata yule aliyefanyiwa lazeri, anahitaji mtu wa kuangalia huko. Kazi ya mtu huyo haijaisha. Katika maeneo mengi ya mashariki, haijaanza vizuri.